Bartolomé de las Casas: Padri Aliyeuliza Baraka Yake Ilitoka Wapi



Ni nadra Domenika ipite bila kusikia tangazo la Misa ya shukrani. Familia moja imemaliza nyumba, nyingine imenunua gari, kijana wa jumuiya fulani amepata kazi nzuri mjini. Tunapiga makofi na vigelegele, nao wahusika wanasimama mbele ya altare wakieleza jinsi Mungu alivyowabariki. Ni jambo jema, na Kanisa halijawahi kuchoka kutufundisha kushukuru. Lakini kwenye benchi la nyuma ameketi mama mmoja aliyesali novena zilezile, kwa miaka ileile, na mtoto wake bado yuko nyumbani. Naye anapiga makofi. Akitoka nje anabaki na swali ambalo hathubutu kumpelekea Paroko: je, Mungu alipokuwa akigawa, alimruka yeye?

Swali hilo tumelijadili mara nyingi sisi wenyewe, wakati wa mapumziko na hata wakati ambao tulipaswa kuwa kimya. Jibu letu la haraka limekuwa kwamba mipango ya Mungu si mipango yetu. Ni jibu la kweli, lakini tumegundua kwamba mara nyingi anayelitoa ni yule aliyekwisha kupata. Kwa hiyo safari hii tumeona tusijibu haraka. Tumechagua kusimulia maisha ya mtu mmoja aliyekaa upande wa waliobarikiwa kwa miaka zaidi ya kumi, tena akiwa padri, asione kasoro yoyote.

Bartolomé de las Casas alizaliwa Sevilla, kusini mwa Hispania. Vitabu vya zamani vinataja mwaka 1474, ila watafiti wa karne iliyopita walionyesha kuwa ni 1484. Baba yake, Pedro, alikuwa mfanyabiashara. Mwaka 1493 Christopher Columbus alipita Sevilla akitoka safari yake ya kwanza, akiwa na kasuku na wenyeji wachache wa visiwa alivyovifikia, na mtoto Bartolomé aliwaona kwa macho yake. Mwaka huohuo baba yake alipanda meli katika safari ya pili. Aliporudi baada ya miaka kadhaa alimletea mwanawe kijana wa kabila la Wataino awe mtumishi wake. Malkia Isabel aliagiza watu wa namna hiyo warudishwe kwao, na mwaka 1500 yule kijana akarudishwa.

Tunalitaja hili mapema kwa makusudi. Kabla Bartolomé hajafanya uamuzi wowote wa mtu mzima, alikuwa amekwisha kuzaliwa mahali ambapo binadamu anaweza kuletwa nyumbani kama zawadi ya msafiri, jinsi sisi tunavyoletewa shati au saa. Hakumteka mtu. Hakumpiga mtu. Alipokea tu.

Mwaka 1502 akapanda meli mwenyewe, katika msafara wa gavana Nicolás de Ovando wenye meli zaidi ya 30 na watu wapatao 2,500. Mwezi wa Aprili walitia nanga Santo Domingo, katika kisiwa cha Hispaniola, ambacho leo kina nchi mbili, Haiti na Jamhuri ya Dominika. Wahispania waliokuwa ufukweni waliwapokea kwa kelele za furaha wakiwapa habari njema. Habari hizo zilikuwa mbili. Kwanza, dhahabu ilikuwa nyingi, na bonge moja kubwa ajabu lilikuwa limeokotwa. Pili, wenyeji wa sehemu fulani walikuwa wameasi, kwa hiyo kutakuwa na vita, na vita italeta watumwa wa kutosha. Haya aliyaandika Las Casas mwenyewe uzeeni. Sisi tunaofundishwa tangu katekisimu kwamba Injili maana yake ni Habari Njema hatuwezi kuisoma sehemu hiyo bila kufunga kitabu kidogo.

Kuhusu lile bonge la dhahabu, alisimulia pia lilivyopatikana. Mama mmoja mwenyeji, mfanyakazi wa mgodi, alikuwa amekaa saa ya chakula akigongagonga ardhi kwa fimbo, akaona kitu kinang'aa. Wenye mgodi walifurahi mno. Walichoma kitoto cha nguruwe, wakamkatia juu ya bonge lile na kumla, wakijisifu kwamba hakuna mfalme aliyewahi kula katika sahani kama hiyo. Las Casas hakuacha kuuliza katika maandishi yake kama yule mama alipewa walau tonge moja la nyama. Bonge lenyewe lilipakiwa kupelekwa kwa mfalme, na tufani ya Julai 1502 ikaizamisha meli pamoja na dhahabu yote.

Lakini hayo ni mawazo ya mzee. Yule kijana wa mwaka 1502 hakuwa na maswali ya namna hiyo. Alifanya kama wenzake: akapata ardhi, na pamoja na ardhi akapata watu. Mfumo huo uliitwa enkomienda. Mhispania alikabidhiwa idadi fulani ya wenyeji. Wao wamfanyie kazi, naye awalinde na kuwafundisha imani ya Kikristo. Kwenye karatasi ilionekana kama wajibu wa kichungaji. Katika hali halisi wanaume walipelekwa migodini kwa miezi mfululizo, wake zao wakabaki mbali wakilima muhogo, watoto wachanga wakafa kwa kuwa mama zao walikauka maziwa kwa njaa na kazi. Ugawaji wa mwaka 1514 katika kisiwa kizima cha Hispaniola haukuwakuta wenyeji hata 30,000 wa kugawiwa, baada ya miaka ishirini na kitu tu ya ujio wa wageni. Magonjwa yaliyoletwa na meli yaliua wengi, na kazi ile iliua wengine.

Katikati ya hayo yote Bartolomé akapata daraja takatifu ya upadri. Mnamo mwaka 1510, katika mji wa Concepción de la Vega, aliadhimisha Misa yake ya kwanza, na inahesabiwa kuwa Misa ya kwanza ya padri mpya katika nchi zile zote. Mafrateri wenzetu wanaohesabu siku za kufikia upadirisho watapenda kujua sherehe ilikuwaje. Hapakuwa na divai hata tone kwa ajili ya karamu, kwa sababu meli zilichelewa kutoka Hispania. Ila watu walijaa, kwa kuwa ulikuwa msimu wa kuyeyusha dhahabu na kutoa fungu la mfalme, na mji ulikuwa na wageni wengi. Badala ya sarafu walifua vipande vya dhahabu vyenye umbo la fedha za kwao, wakamtolea padri mpya. Yeye alimpa msimamizi wake karibu vyote, akabakiza vichache. Mkarimu, kama unavyoona. Hatuna sababu ya kudhani kwamba kuna mtu aliyesimama siku ile mbele ya vile vipande akawaza vimechimbwa na nani.

Mwaka huohuo wa 1510 walifika Wadominikani wa kwanza kisiwani, wachache na fukara, wakiongozwa na Padri Pedro de Córdoba. Walikaa zaidi ya mwaka wakitazama na kusikiliza. Halafu, Domenika ya Nne ya Majilio, tarehe 21 Desemba 1511, walimpandisha mimbarini mwenzao Antonio de Montesinos. Mahubiri yale yalikuwa yameandikwa na jumuiya nzima na wote wakaweka sahihi, ili asiwajibike mmoja. Aliwaambia wakubwa wa mji, mtoto wa Columbus akiwemo, kwamba wako katika dhambi ya mauti kwa ukatili wao juu ya watu wasio na hatia, na akawauliza kama watu wale si binadamu wenye roho. Wakubwa walikwenda konventini wakiwa wamefura, wakidai Domenika inayofuata ayakanushe. Domenika iliyofuata alipanda tena, akayarudia kwa mkazo zaidi.

Las Casas naye alikutana na ukali wa watawa hao. Alikwenda kuungama kwa Mdominikani mmoja, naye akamnyima ondoleo kwa sababu alikuwa na wenyeji katika enkomienda. Kwa ufupi, padri alinyimwa ondoleo na padri mwenzake. Alijaribu kubishana, akashindwa kwa hoja, lakini hakuacha. 

Baadaye alivuka kwenda Kuba kama padri wa kikosi cha Pánfilo de Narváez. Huko aliona jambo ambalo hakulisahau hadi kufa. Asubuhi moja askari walipumzika katika mkondo wa mto uliokauka, wakakuta mawe mazuri ya kunolea, wakanoa panga zao. Jioni walifika kijiji cha Caonao. Watu walikuwa wamechuchumaa uwanjani, wamewaandalia wageni mikate ya muhogo na samaki, wakiwashangaa farasi kwa kuwa hawakuwahi kuwaona. Ghafla askari mmoja akachomoa upanga, na wote wakafuata. Las Casas alikimbia huku na kule akijaribu kuwazuia, akiwabatiza waliokuwa wanakata roho. Narváez alibaki juu ya farasi wake akitazama.

Hapa ndipo tunapoona ugumu wa habari hii, na tunaomba msomaji asiupite haraka. Ungetegemea kwamba baada ya Caonao angetupa kila kitu. Hakutupa. Vita ilipokwisha, gavana Diego Velázquez alimzawadia ardhi nzuri karibu na mto Arimao pamoja na watu wa kuilima, akishirikiana na rafiki yake mcha Mungu, Pedro de la Rentería. Akaipokea. Aliwapeleka wengine migodini, wengine mashambani, akapata faida kama wenzake. Hakuwa katili. Alikiri baadaye kwamba aliwahurumia na kuwalisha vizuri kadiri alivyoweza, ila kuhusu kuwafundisha imani alikuwa mvivu kama wengine. Pengine ni wema wake huo uliomfumba macho. Alikuwa ameuona ubaya wa wengine kwa karibu sana, kwa hiyo akijilinganisha nao alijiona yuko sawa. Bwana mwema ana vingi vya kushukuru kwavyo.

Ikaja Pentekoste ya mwaka 1514. Kuba ilikuwa na mapadri wachache mno, akaombwa kwenda kuadhimisha sherehe hiyo katika mji mpya wa Sancti Spíritus. Akiwa nyumbani anatayarisha mahubiri, alirudia baadhi ya mahubiri yake ya zamani na kufungua Maandiko. Akafika sura ya 34 ya kitabu cha Yoshua bin Sira, pale mwenye hekima anapozungumzia sadaka. Tunashauri msomaji aifungue mwenyewe, tusimnukulie hapa. Hoja ni kwamba Mungu hapokei sadaka iliyotokana na mali ya udhalimu, na kwamba anayetoa sadaka kwa mali ya maskini ni kama mtu anayemchinja mwana mbele ya macho ya baba yake. Mkate ni uhai wa maskini, na anayemnyang'anya ni muuaji.

Ni padri anayesoma hayo. Ni mtu ambaye kila siku anashika mkate mikononi. Dhahabu ya Misa yake ya kwanza, mikate ya muhogo mezani pake, hata nauli iliyomfikisha altareni, vyote vilipita katika mikono ya watu walewale. Las Casas alieleza kwamba alikaa siku kadhaa akilitafakari neno lile, akikumbuka pia alivyonyimwa ondoleo na yule Mdominikani, na kila alichosoma kuanzia hapo, kiwe kitabu cha Kilatini au cha lugha yake, kilimthibitishia jambo lilelile.

Alichokigundua si kwamba Mungu hatoi. Musa katika Kumbukumbu la Torati sura ya 8 anawaonya Waisraeli wasiseme kwamba nguvu zao wenyewe zimewapatia utajiri, bali wamkumbuke Bwana. Lakini Musa aliyasema hayo kwa watu waliotoka utumwani juzi, wenye makovu mgongoni. Neno hilohilo likisemwa na Farao linabadilika. Mkulima anayeshukuru kwa mvua na jembe lake, na mwenye shamba anayeshukuru kwa jasho la mwingine, wote wanatamka baraka, na sisi tulio mbele ya altare hatuwezi kuwatofautisha kwa kusikia tu. Las Casas aliacha kuuliza nani kampa, akaanza kuuliza kimepita wapi hadi kumfikia.

Tulipofika hapa tulijikuta tumegeukia mambo yetu wenyewe, msomaji atatuvumilia. Wengi wetu tuko hapa kwa sababu tulipomaliza darasa la saba palikuwa na mtu wa kulipa ada ya seminari ndogo: mzazi mwenye mshahara, mjomba, au mfadhili aliyefahamiana na Paroko. Tunaita hilo wito, na ni wito. Lakini kila mmoja wetu anamkumbuka mwenzake aliyehudumu altareni pamoja naye, mwenye akili kuliko yeye na mwenye sala kuliko yeye, ambaye baba yake hakuwa na kitu cha kuuza. Hatuwezi kusema Mungu hakumwita yule. Na dada zetu waliobaki nyumbani wakilima ili sisi tusome hawatajwi sana katika historia za miito yetu siku ya sherehe.

Turudi Kuba. Las Casas alikwenda kwa gavana Velázquez akamweleza kwamba anawarudisha wenyeji wote aliopewa, na kwamba yeye gavana pia yuko hatarini. Velázquez alimpenda kweli. Akamsihi afikiri vizuri asije akajuta, akiapa kwa jina la Mungu kwamba yeye anatamani kumwona padri wake tajiri na mwenye kustawi. Akampa siku 15 za kutafakari. Las Casas akamjibu azihesabu siku hizo kuwa zimekwisha.

Kulikuwa na pingamizi moja zito, naye alilijua. Wale wenyeji wasingepata uhuru. Gavana angewakabidhi mtu mwingine, na mtu huyo karibu hakika angekuwa mkali kuliko yeye. Je, haikuwa afadhali abaki nao awatunze? Watu wengi wema wamebaki pale walipo kwa hoja hiyo. Las Casas aliona kwamba akibaki na hata mmoja, hakuna atakayemsikiliza akihubiri kwamba mfumo wote ni dhambi, kwa kuwa wangemwonyesha wale alio nao. Akawaachia. Sisi tuliosoma habari hii pamoja hatukukubaliana kama alifanya sawasawa kwa watu wale waliokuwa mikononi mwake siku ile. Wapo kati yetu wanaoona alisafisha dhamiri yake kwa gharama yao.

Tarehe 15 Agosti 1514, Sherehe ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, alilitangaza mimbarini. Watu walipigwa butwaa. Aliandika kwamba kuwaambia hawawezi kuwatumikisha wenyeji bila dhambi ilikuwa kama kuwaambia hawaruhusiwi kutumia wanyama wa shambani. Rentería alikuwa Jamaika akinunua nguruwe na muhogo kwa ajili ya mradi wao. Aliporudi ikaonekana kwamba naye, peke yake, bila kujua ya mwenzake, alikuwa amewaza wakati wa Kwaresima jinsi ya kuwasaidia watoto wa wenyeji. Wakauza shehena aliyokuja nayo, na fedha hizo zikamsafirisha Las Casas kwenda kwa mfalme mwaka 1515.

Miaka hamsini iliyofuata tutaipita upesi, maana imeandikwa sana. Alionana na wafalme, akapewa cheo cha mlinzi wa wenyeji, akajaribu makazi ya amani kule Cumaná yakavunjika vibaya. Mwaka 1522 aliingia kwa Wadominikani, shirika lilelile lililomnyima ondoleo. Mchango wake ulisaidia kuzaa Sheria Mpya za mwaka 1542 zilizokusudia kuimaliza enkomienda. Miaka mitatu baadaye kipengele kikuu cha urithi kikafutwa kwa shinikizo la wenye mali. Mwaka 1550 na 1551, kule Valladolid, alijadiliana na msomi Juan Ginés de Sepúlveda aliyetetea vita dhidi ya wenyeji. Alikuwa pia mtu wa hasira, mwenye kupenda kukuza hesabu, na Mfransisko Motolinía, aliyewapenda wenyeji kama yeye, alimlalamikia kwa mfalme mwaka 1555 kwamba alikuwa akisafiri na makumi ya wapagazi wenyeji waliobeba makaratasi yake ya kuwatetea.

Ila jambo moja la uaskofu wake hatuwezi kuliruka, kwa kuwa linawahusu moja kwa moja mapadri wajao. Alipewa daraja ya uaskofu mwaka 1544 kwa ajili ya Chiapas, iliyo leo kusini mwa Meksiko. Kwaresima ya 1545 aliwaondolea karibu mapadri wote ruhusa ya kuungamisha, na dhambi ya kushikilia watu na mali zao akaihifadhi kwake. Mji ulifanya fujo, na baada ya muda mfupi ilimbidi aondoke. Lakini aliandika kanuni 12 kwa waungamishi. Mvamizi anayetaka kufa na sakramenti aitiwe karani wa serikali, akiri kwa maandishi kwamba hakuja na mali yoyote kutoka Hispania, kwamba vyote alivyo navyo vimetoka kwa wenyeji, na ampe muungamishi mamlaka ya kuvirudisha. Hakutaka wawape wenyeji sadaka. Sadaka ni ya mtu anayetoa kilicho chake. Alitaka warudishe.

Alifariki Madrid tarehe 18 Julai 1566. Miaka mitano baadaye, katika bonde la Yucay huko Peru, mwandishi ambaye hakutia jina lake aliandika waraka mrefu wa kumpinga. Alifananisha nchi zile na binti asiye na sura nzuri ambaye baba yake anampa mahari kubwa apate kuolewa. (Huko Ulaya mahari ilitoka kwa baba wa binti, si kwa bwana harusi.) Mungu, kwa hoja yake, aliijaza Peru dhahabu na fedha ili Wakristo wavutiwe kwenda, na Injili iwafikie wale watu kwa njia hiyo. Migodi ilikuwa baraka, tena baraka ya lazima. Tunapendekeza hoja hii isomwe darasani, kwa sababu imejengwa kwa ustadi na inamtaja Mungu kila mahali.

Limebaki moja, nalo linatuhusu sisi Waafrika. Mwaka 1516, akitafuta njia ya kuwapunguzia wenyeji mzigo, Las Casas alipendekeza waletwe watumwa weusi. Alirudia pendekezo hilo mwaka 1518, na mwaka huohuo mfalme akatoa kibali cha kuingiza 4,000. Watumwa wa Kiafrika walikuwapo visiwani kabla yake, na biashara ile isingekosa kuendelea bila yeye. Lakini aliyekuwa ameamshwa na Yoshua bin Sira, aliyejua kwamba mkate wa maskini ni uhai wake, alitafuta nafuu ya watu aliowaona kwa kutumia jasho la watu ambao hakuwaona. Wareno walisema watu wale walitekwa katika vita halali, naye akaamini bila kuuliza.

Aliuliza baadaye, alipochunguza jinsi Wareno walivyowapata watu katika pwani ya Afrika. Katika historia kubwa aliyoiandika uzeeni alikiri kwamba utumwa wa weusi ni dhuluma sawa na ule wa wenyeji, na sababu ni zilezile. Akaongeza kwamba hakuwa na hakika kama kutojua kwake na nia yake njema vitamwokoa mbele ya hukumu ya Mungu. Mwaka 1559 aliukabidhi mswada huo kwa chuo cha Wadominikani cha San Gregorio, Valladolid, akiagiza usitolewe hadharani kabla ya miaka 40. Ulikaa zaidi ya hapo. Ulianza kupigwa chapa mwaka 1875.